Koleo la Kungwi

Watu waliozaliwa na taya zinazokutana wana ujuzi mwingi sana juu ya taya za wenzao. Nimeishi nao zaidi ya miaka themanini nikiwasikiliza, na Mwenyezi Mungu anajua kwamba subira yangu sikuiokota njiani.

Taya langu la chini limelitangulia la juu. Lilianza safari hiyo nilipong'oa meno ya utoto, likaendelea kadiri nilivyokua, mpaka meno ya mbele yakaacha kabisa kugusana. Sikuweza kuuma muhindi wa kuchoma. Niliupukuchua kwa kidole gumba, punje nikazitupia nyuma kwenye magego, na watoto wenzangu wakiniona wananiuliza kama nalisha kuku. Vingine vyote nilikula, alhamdulillahi, na nilikula vizuri.

Kwetu ni Chole, upande wa Kisarawe. Wakati ninaousimulia alikuwa akitawala Mwingereza, na vita vyao vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na saba kwa hesabu ya babu, baba yake baba, ambaye alikuwa mwalimu wa Qurani na ndiye aliyenisomesha. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani mwaka wa pili, kama ilivyokuwa desturi kwa binti aliyevunja ungo. Babu alisema dini haikuamuru binti afungiwe chumbani. Shangazi akamjibu kwamba dini haikukataza pia. Babu akakubali, kwa sababu shangazi alikuwa binti yake mkubwa, naye babu alikuwa akimwogopa. Basi kila asubuhi aliketi kwenye kigoda nje ya mlango, nami nikisoma kutoka ndani, yeye akinisahihisha kupitia ufa wa ubao. Nilikuwa nimefika juzuu ya ishirini na mbili.

Shangazi aliolewa Gwata, huko Kibaha, na ndiye aliyeniletea posa kutoka huko. Aliwasifia watu wake kwamba ana mwali msomaji, mpole, anayejua kupika. Habari ya taya hakuitaja hata kwa mzaha. Mara akapata habari kutoka kwa jirani yake mmoja, dresa, yaani mfunga vidonda, katika hospitali ya mjini, kwamba yupo daktari wa Kizungu anayeweza kulikata taya refu akalirudisha nyuma. Shangazi alikuja Chole mbio, hata buibui hajalivua.

"Mwali yuko ndani, nani anamwona?" alimwambia mama. "Tunampeleka, anakatwa, tunamrudisha ndani anapona. Siku ya kutolewa anatoka na uso mpya. Watu wa Gwata watajua nini?"

Mpango huo aliuita siri. Aliujua yeye, mama, babu, dresa, kungwi, na kila mwanamke aliyechota maji kisimani kwetu.

Kungwi, bibi aliyekuwa akinifunda, aliupinga, si kwa kunihurumia. Desturi inataka mwali atoke amenona, ang'ae mafuta, watu waseme amelelewa. Na dresa alikuwa amesema kwamba aliyekatwa taya hufungwa meno kwa waya wiki sita, anaishi kwa uji.

"Wiki sita za uji!" kungwi akasema. "Mtanitolea ufito huo niucheze mbele za watu? Watasema nilikuwa nakula chakula chake."

"Afadhali ufito wenye uso," akajibu shangazi.

"Uso hauchezwi ngoma, bibi wee. Huchezwa mwili."

Walibishana hivyo mchana kutwa, mmoja akitetea mashavu yangu na mwingine kidevu, kama wachinjaji wanaogawana mbuzi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani katikati yao. Mwali hasemi mbele ya wakubwa, basi sikuulizwa.

Tulikwenda mjini kwa lori la mihogo. Kwa kuwa mwali haonekani njiani, nilifunikwa kaniki toka utosini hadi nyayoni. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu akaanza kusogea, akasogea tena, mwisho akauliza, "Huyu ana ndui?"

"Ana haya," akasema shangazi.

"Haya gani hizo za gunia zima?" Akahamia juu ya magunia.

Daktari alikuwa mtu mwembamba asiye na haraka. Alinishika taya, akaniambia nifumbe, nifumbue, nifumbe tena, akalipima kwa kijiti. Kisha akazungumza kwa muda mrefu akichora kwenye karatasi. Dresa, jirani yake shangazi, alikuwa ndiye mkalimani. Alisikiliza maneno yote yale akiitikia kwa kichwa, halafu akageuka.

"Anasema ni kazi ndogo."

Mpaka leo simjui binadamu aliyewahi kuyafupisha maneno ya mwenzake kwa uhodari kama ule. Niliutazama uso wa daktari. Haukuwa uso wa mtu aliyesema kazi ndogo. Nami, nikiwa mwali, ndani ya kaniki, nikafungua mdomo.

"Shikamoo, kaka. Amesema mengi kuliko hayo. Naomba yote."

Shangazi alinifinya paja. Dresa akakohoa, akamwuliza daktari, na safari hii akaleta mzigo mzima. Nitalazwa kwa dawa ya usingizi, na dawa yenyewe ina hatari yake. Mfupa utakatwa pande zote mbili kwa msumeno wa waya, huku na huku chini ya masikio. Taya litasukumwa nyuma, meno yafungwe kwa waya. Wengi hupona. Wengine taya hurudi mbele polepole, na kazi yote inakuwa bure. Wengine hubaki na mdomo wa chini wenye ganzi, miezi kadhaa au maisha.

Kisha daktari akaniuliza, kupitia kwa dresa, mwenyewe nataka nini.

Katika ubishi wote ule hakuna aliyeniuliza neno hilo, na aliyekuja kuniuliza ni kafiri mwenye kijiti. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Nataka kuuma muhindi."

Shangazi alifunika uso kwa aibu. Daktari hakucheka. Alisema huenda nikauma, asingeniahidi.

Akatupeleka tukamwone mgonjwa wa namna hiyo. Alikuwa mgema aliyeanguka mnazini akavunjika taya, Mnyamwezi, yaani mtani wetu sisi Wazaramo. Meno yake yalikuwa yamefungwa waya, jino moja limeng'olewa ili papite mrija wa uji. Kitandani pake palining'inia koleo dogo kwa kamba. Alipojua tumetoka Kisarawe akasema kupitia meno yaliyobanwa, "Karibuni, watani. Kumbe nanyi mnafungwa midomo? Serikali imefanya jambo jema."

"Wewe ulifuata nini juu ya mnazi wa watu?" shangazi akamjibu.

"Nilikuwa nawatafuta Wazaramo. Nilisikia wako juu ya kazi."

Nilicheka ndani ya kaniki. Halafu nikauliza koleo ni la nini. Dresa akaeleza: mgonjwa akitapika na meno yamefungwa, matapishi hayana pa kutokea, atakufa kwa kukosa pumzi. Aliye karibu lazima akate waya hapo hapo, upesi, bila kukosea. Ndiyo sababu daktari hamruhusu mtu kwenda nyumbani kabla ya wiki sita.

"Wiki sita mwali alale humu, anatazamwa?" shangazi akashtuka. "Haiwezekani. Siku nne, tunaondoka naye. Hilo koleo mtupatie tu."

"Na nani atalishika huko Chole?" dresa akauliza.

"Yupo kungwi."

Kungwi wetu alikuwa na ukungu katika macho yote mawili. Uzi wa sindano alitungiwa na wajukuu. Nilimwona kwa fikra ameinama juu yangu na lile koleo, akipapasa pua, akipapasa ulimi, huku akiuliza waya uko wapi. Kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba nimefunikwa, wasiuone uso wangu.

Tulipewa nafasi ya kwenda kufikiri. Nilirudi chumbani kwangu, nikaswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu anichagulie, siku kadhaa. Babu, kutoka nje ya mlango, hakuniambia fanya wala usifanye. Alisema, "Kujitibu si dhambi, mjukuu wangu. Kama unapata tabu, nenda. Lakini ukikatwa ili wakwe wadanganyike, aliye mgonjwa hapo si wewe."

Nikafikiria ule mdomo wa ganzi. Babu alinifundisha mahali pa kutokea kila herufi kwa kuniwekea kidole: hapa koo, hapa ulimi, hapa midomo. Ningesomaje kwa mdomo nisiouhisi? Nikafikiria muhindi pia, sitasema uongo. Muhindi mbichi wa Machi, umechomwa, na meno yangu yakizama ndani yake kama ya watu.

Mwisho nikamwita shangazi, nikamwambia nakubali. Akapiga kigelegele. Nikamwambia nina sharti: nitalala hospitali wiki sita zote, na watu wa Gwata waambiwe.

Kigelegele kikakatika. "Ukishawaambia," akasema, "kuna faida gani ya kukata?"

Hakujua alichokisema. Mimi nilikijua. Taya walilotaka kulikata halikuwa langu hata siku moja, lilikuwa la macho ya Gwata. Basi nikasema hapana, na nikabaki nalo. Alilia, akasema nimemvunjia heshima, akasusa kula kwetu siku mbili, ya tatu akala.

Baadaye nilizoea kuwaambia watu kwamba nilimwachia Mungu. Maneno mazuri, watu huyapenda. Ukweli ni kwamba nusu yake ilikuwa woga, nami nikauvika woga ule kilemba na kuuita tawakali. Yule Mnyamwezi hakuwa na kilemba chochote, na nilisikia alipona akarudi mnazini.

Nilitolewa nikiwa mnono, kungwi akajisifu wiki nzima. Mama wa mchumba alikuja kutoka Gwata. Shangazi alikuwa ameshaandaa maneno: upepo, jino, maumivu ya juzi tu. Mama yule akamtazama hadi shangazi alipochoka kuyasema.

"Mlidhani sisi Gwata hatuna macho?" akasema. "Nilikuja hapa kwenye arobaini ya marehemu mdogo wako, baba yake binti huyu, kabla hajawekwa ndani, naye akanipakulia wali. Taya hilo nililiona kabla sijauona wali. Nimemtaka kwa kisomo. Kwetu tukifiwa, wa kutusomea Yasini tunamwazima kijiji cha tatu."

Ndivyo nilivyoolewa: kama msahafu. Sikulalamika. Nilikaa Gwata miaka arobaini na mitatu nikiwasomesha binti zao, na hakuna mwali wangu niliyemzuia kuuliza jambo lililo juu ya mwili wake.

Siku hizi, mahindi yanapokomaa, wazee wenzangu hunijia barazani. Ni wanawake waliokuwa na taya za kusifiwa, na wengine walinihurumia mbele ya watu. Meno ya mbele yameshawatoka. Wanakaa na muhindi wa kuchoma mkononi, hawajui waanzie wapi, na mimi nawaonyesha jinsi ya kupukuchua kwa kidole gumba. Wanajifunza polepole sana.