Mwarobaini wa Nyanya na Doa la Juu

Chuoni tuliambiwa kila mtu alete mmea wa dawa wa kwao, aupime aone una nini ndani. Huo ndio mtihani wa kufunga mwaka. Ukianguka, warudia mwaka mzima, na mimi neno kurudia sikutaka hata kulisikia. Nikamwomba nyanya majani ya mwarobaini, yale anayowachemshia watoto wa mtaa wetu wa Kuze wakishikwa na homa. Alifurahi hadi akasahau chai motoni. Ati dawa yake yaenda kusomewa! Akayakausha mwenyewe, akanifungia.

Maabarani niliyaroweka katika spiriti, nikatia tone upande wa chini wa kibao kilichopakwa unga mweupe, nikakisimamisha kwenye jagi lenye kimiminika kidogo. Kimiminika kikipanda huvibeba vilivyomo katika tone na kuviacha njiani, kila kimoja mahali pake. Nilipokifukiza kibao kwa ayodini, madoa yakatokea. Yote yalilingana na ya mwarobaini halisi aliotupa mwalimu wa kulinganishia, ila kibao changu kilikuwa na doa moja zaidi, juu kabisa.

Mwalimu, mtu wa bara asiyecheka ovyo, akanikazia macho.

"Umechanganya na mmea mwingine. Kesho unieleze doa hili, la sivyo umeanguka."

Nikarudi nikisonya mtaa wa Makadara mzima. Nyumbani nikamuuliza nyanya alitia nini.

"Sikutia kitu. Niliyafukiza udi tu."

"Udi! Nyanya, wallahi umenimaliza!"

"Hebu usinipigie kelele. Kitu changu kiende kwa wageni hivihivi, chanuka majani? Watasema kimetoka kwa watu gani?"

Nilicheka huku nataka kulia.

Kesho yake niliingia maabarani na chetezo chake, makaa na udi. Nikafukiza pamba safi, nikairoweka katika spiriti, nikatia tone lake kando ya tone la dawa kwenye kibao kipya, nikakisimamisha kama jana. Chumba kizima kikanukia harusi. Mwalimu akakohoa, wasichana wa darasa letu wakapiga vigelegele. Madoa yalipotokea, la udi lilikuwa juu kabisa, sambamba na lile la jana. Mwalimu akainama, akatazama sana, kisha akaangua kicheko. Nikapita, tena vizuri!

Nyanya alikuwa akiningoja mlangoni. Habari za mwarobaini hakuuliza.

"Udi wangu waliuona?"

"Waliuona, nyanya. Ulipanda juu kuliko dawa yote."

"Alhamdulillahi," akasema, akiitengeneza leso yake kichwani. "Basi wamejua imetoka kwa watu."