Kikufuli Kilichotoweka

Digna hakuwa mtu wa kutulia. Mama yake kule Mkuu, Rombo, alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa na siafu miguuni. Akikaa anainuka, akiinuka anatafuta cha kupanga upya. Bei ya kahawa ilipoporomoka na baba yake akaanza kung'oa mibuni kihambani, shamba la nyumbani kwao, Digna aliteremka Moshi kujifunza kupiga chapa. Mashine za chapa zilipoanza kutupwa stoo, hakusubiri kuambiwa, akahamia kwenye kompyuta. Ndivyo alivyojikuta, mwaka 2003, msimamizi wa kafe ya intaneti karibu na kituo cha mabasi. Kilikuwa chumba kirefu chembamba, kompyuta zimetenganishwa kwa plaiwudi, na feni iliyokuwa ikilalamika zaidi kuliko kuzunguka. Mwenye kafe, Bwana Shedrack, aliishi Arusha na alikuja pale tu mambo yalipoharibika.

Wateja walikuwa wa kila namna: wapagazi wa mlimani wakiwaandikia wazungu waliowapandisha, wanafunzi, wazazi wenye watoto ng'ambo. Na kila Jumanne, siku ya kuteremsha ndizi soko la Mbuyuni, alikuja Mama Ruth kutoka Kibosho.

Mama Ruth hakujua kutumia kompyuta. Alikaa kwenye ile iliyo karibu na kaunta, akaongea, na Digna akaandika. Kikibosho cha mmoja na Kirombo cha mwingine havikuelewana, kwa hiyo waliongea Kiswahili, na Digna akawa mikono ya mama yule na macho yake. Alijua yote. Alijua Ruth, binti wa mama huyo, alimkimbia mume aliyeitwa Filemon baada ya kipigo kilichomvunja taya. Alijua Filemon hakuwa amekubali kuachwa. Alijua pia Ruth alikuwa Iringa, akishona sare za shule kwa masista, na kwamba jina la mji ule halikutamkwa hata mbele ya ndugu.

Siku ya kwanza Mama Ruth aliuliza, "Mwanangu, haya maneno yanapita wapi? Hakuna wa kuyadaka?"

Digna alifungua ukurasa wa kuingilia, akamwonyesha kikufuli kidogo cha manjano chini ya kioo, pembeni kulia. "Unakiona hiki, mama? Kikiwapo hiki, hakuna anayeweza kusoma."

Alikuwa na hakika. Ndivyo alivyofundishwa kwenye kozi, naye ndivyo alivyowaambia wengi.

Maonyo yalikuwapo, lakini nani aliyasoma? Umeme ulipokatika, kompyuta zile kuukuu ziliwaka zikiwa zimerudi miaka ya nyuma, na kila tovuti yenye kikufuli ikaleta dirisha la kusema cheti chake hakijaanza kutumika. Kumbe ni saa ya kompyuta tu. Digna aliwazoesha wateja kubofya "Ndiyo" na kuendelea. Yeye mwenyewe alibofya huku akiangalia mlangoni.

Kisha Jumanne moja Mama Ruth aliingia bila kikapu. Hakukaa. Digna akamwamkia, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. "Filemon amekuja nyumbani. Ameniuliza, Iringa kuna baridi kama huku kwetu?"

Digna aligeuka kuangalia kompyuta ya karibu na kaunta.

"Ni mimi na wewe tu," Mama Ruth alisema. "Mimi sijasema. Basi niambie mwanangu, nani amesema?"

"Mama, nakuapia—"

"Usiape. Fikiri."

Digna alifikiri mpaka kichwa kikamuuma. Alijiuliza kama aliwahi kuropoka kwa shoga zake, kama aliacha ukurasa wazi, kama kuna aliyechungulia begani. Mwisho akasema huenda mtu ameipata pasiwedi. Waliibadilisha palepale, wakaweka neno la Kikibosho ambalo Digna mwenyewe hakujua maana yake, Mama Ruth akimtajia silabi moja moja kwa kunong'ona. Wakamwarifu Ruth kwa mstari mmoja kwamba imebadilishwa, na mama yule akaondoka bila kuaga. Lakini Jumanne iliyofuata alirudi, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kumsikia mwanawe. Barua ya Ruth ilikuwepo. Kwa kuamini pasiwedi mpya, Ruth alimwelekeza mama yake namna ya kufika kumtembelea: ashuke stendi gani, apite njia ipi, aulizie hosteli ya masista yenye geti la bluu. Digna alimsomea kwa sauti ya chini, naye Mama Ruth akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu yale yatokee.

Haikupita siku nyingi, kompyuta ile ya karibu na kaunta ikashikwa na virusi. Denis, fundi aliyezoea kuwahudumia, akaja kuifuta yote na kuipanga upya. Alipomaliza, Digna akataka kuijaribu. Akaingia kwenye barua zake mwenyewe. Kikufuli kikatokea, akaandika pasiwedi, akabofya. Hapo likaruka dirisha ambalo hakukumbuka kuliona. Kidole kilikuwa tayari kinashuka kubofya "Ndiyo", kikasita.

Akalisoma. Lilisema kwa Kiingereza: unakaribia kuondoka kwenye muunganisho salama, huenda watu wengine wakaweza kuona unachotuma, je, unataka kuendelea? Chini yake palikuwa na kijisanduku cha kuweka alama ili onyo lisitokee tena. Kwenye kompyuta zote za kafe ile, mtu alishaiweka alama hiyo zamani.

"Denis," aliita. "Hili ni bovu au ni la kweli?"

Denis alichungulia. "La kweli. Bofya tu, liko kwa kila mtu."

Digna akabofya. Barua zake zikafunguka. Akatazama chini ya kioo, pembeni kulia. Kikufuli hakikuwepo.

"Kimekwenda wapi?"

"Kazi yake imekwisha," Denis alisema, akikusanya bisibisi zake. "Ukiandika pasiwedi inatiwa kwenye bahasha, inagundishwa. Ikishafika, barua zenyewe zinakuja kama kadi ya posta. Anayeishika anaisoma. Kufunga kila kitu kunachosha mitambo yao, kwa hiyo wanafunga mlango wa kuingilia tu."

"Na nani anaishika?"

Denis alionyesha kisanduku kilichopigiliwa ukutani, taa zake za kijani zikikonyeza, nyaya za kompyuta zote zimechomekwa humo. "Hapa kwenu? Yeyote aliyechomekwa pale. Hicho kinarusha maneno ya kila mtu kwa kila mtu. Kompyuta yenye adabu inapuuza yasiyo yake. Mwenye kutaka anaiambia yake isipuuze. Kuna programu za hivyo, sisi mafundi tunazitumia kutafuta hitilafu."

Digna aliinuka, akakaa, akainuka tena. Macho yake yalikwenda mpaka mwisho wa chumba, kwenye kibanda cha nyuma kabisa. Hapo alikuwa akikaa mteja mmoja mpole, mrefu, wa koti la kaki na anayechechemea kidogo, aliyejiita Onesphory, mwenye laptopu yake mwenyewe. Aliomba waya tu, akisema kompyuta za kafe zinamchelewesha. Digna alimpenda kwa kuwa hakusumbua. Alifika asubuhi, akajificha nyuma ya plaiwudi, akatoka mchana. Alikuja Jumanne tu.

Hakusubiri Jumanne. Alimwachia Denis funguo, akatoka karibu akikimbia, akapata lifti kwenye pikapu ya maziwa iliyokuwa ikirudi Kibosho. Njia nzima alikuwa akisukuma sakafu kwa mguu, kana kwamba yeye ndiye anayeiendesha. Kutoka barabarani alipita kando ya mfereji, katikati ya migomba, akiuliza kila nyumba, mpaka akamkuta Mama Ruth akikatia ng'ombe majani.

"Mama, Filemon anafananaje?"

Mama Ruth aliweka panga chini. "Kwa nini?"

"Ni mrefu? Anavaa koti la kaki?"

"Anachechemea kidogo mguu wa kushoto. Ni fundi wa kufunga kompyuta maofisini." Alimshika Digna mkono. "Umemwona wapi?"

"Kwenye kafe. Kila unapokuja, yeye yuko nyuma. Hakuiba pasiwedi, mama, wala hakuihitaji. Barua zilikuwa zinapita mbele yake."

Mama Ruth alikaa juu ya majani aliyokata. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeogopa kusikia maneno yake mwenyewe, "Jana alipita hapa kuniaga. Alisema anasafiri. Alikuwa anacheka."

Geti la bluu. Wote wawili walilikumbuka kwa pamoja. Mama Ruth alijifunga khanga kiunoni, na licha ya umri wake akamtangulia Digna kuteremka kwenda parokiani, kulikokuwa na simu. Paroko alisikiliza nusu ya habari tu, akaanza kupiga. Laini ya kwanza ilikatika. Ya pili ilipokewa na mtu asiyejua lolote. Digna alizunguka ofisi ile kama kuku anayetafuta pa kutagia mpaka paroko akamwomba akae, naye hakuweza. Mwishowe akapatikana Sista Agness wa kule hosteli.

"Ruth yuko wapi sasa hivi?" paroko aliuliza.

Walisubiri. Mama Ruth alikuwa amefumba macho.

"Yuko cherehani," sauti ilisema.

Filemon alifika. Sista Agness alisimulia baadaye kwamba alikuja kesho yake na mfuko wa matunda, akaongea kwa heshima, akataja hata geti la bluu kama lilivyoandikwa kwenye barua. Aliambiwa hakuna mtu wa jina hilo, na ilikuwa kweli, kwa sababu Ruth alikwishahamishiwa nyumba nyingine ya masista, mbali na pale, kabla jua halijazama siku ya simu. Filemon alishinda nje ya geti, kisha akaenda zake.

Digna alikwenda kituo cha polisi kushtaki. Askari alimsikiliza kwa subira.

"Ameiba nini?"

"Amesoma barua."

"Barua imepotea?"

"Haijapotea, afande."

"Alivunja mlango?"

"Mlango nilimfungulia mimi. Na waya nikampa."

Askari alikuna shavu. "Dada, sijui nimwandikie kosa gani."

Kwa hiyo Filemon alirudi Moshi, akaendelea kufunga kompyuta maofisini, na mara mbili tatu Digna alipishana naye karibu na Mnara wa Saa. Filemon alimsalimia kwa upole uleule. Digna alivuka barabara.

Kwenye kafe alipiga marufuku laptopu za wateja. Alimganda Bwana Shedrack mpaka kisanduku cha ukutani kikabadilishwa, kikaletwa kinachompelekea kila mtu yaliyo yake. Alizunguka kwenye kompyuta zote akirudisha maonyo yaliyozimwa, wateja wakalalamika kwamba sasa ni madirisha kila dakika. Denis naye alimtafutia Mama Ruth huduma nyingine ya barua, ambayo kikufuli chake kilibaki tangu kuingia hadi kutoka. Ilikuwa ikienda polepole kama konokono.

Siku ya kuifungua, Mama Ruth aliuliza swali lilelile. "Nani mwingine anasoma?"

Digna aliondoa mikono kwenye kibodi. "Njiani, hakuna. Hapa, ni mimi na wewe na hii kompyuta, na hii kompyuta nimeikagua ila siwezi kuiapia. Kule aliko, ni Ruth na yeyote aliyesimama nyuma yake. Na wenye huduma wenyewe siwajui, mama. Kikufuli hakisemi kama mwenye nyumba ni mwema."

Mama Ruth alimtazama. "Mwanzo hukuniambia hivi."

"Mwanzo sikujua."

"Nilikushuku."

"Najua."

Hawakuliongea tena. Mama Ruth alianza kuongea na Digna akaandika, lakini tangu siku hiyo mama yule alikaa upande, akifuata kila neno linavyotokea, ingawa herufi zilimpa taabu.

Waliandikiana hivyo hadi kampuni ya simu iliposimamisha mnara Kibosho. Ruth akamtumia mama yake simu ya mkononi, na Mama Ruth akaja kafe kuionyesha, akiishika kwa ncha za vidole. Alileta mkungu mzima wa ndizi. Digna alifurahi, akacheka naye, akamsindikiza mpaka nje.

Jumanne iliyofuata alijikuta akiangalia mlango tangu asubuhi. Mgeni mmoja wa makamo alikaa kwenye ile kompyuta ya karibu na kaunta, akaomba asaidiwe kumwandikia mwanawe aliye Uswidi. Lilipotokea dirisha la onyo, mzee akanyoosha mkono haraka kulifunga.

"Subiri, baba," Digna alisema, akivuta kiti. "Tulisome kwanza."