Pingili za Shangazi

Hata akikaa tu kungoja maji yachemke, kidole gumba cha Shangazi kilikuwa safarini. Kilitembea juu ya pingili za vidole vinne vya mkono uleule wa kulia, tatu kwa kila kidole. Kumi na mbili zikitimia, mkono wa kushoto ulikunja kidole kimoja, na safari ikaanza upya. Majirani walidhani anasali.

"Nasali wapi!" aliwaambia. "Nahesabu matofali ya ukuta wenu. Fundi amewapunja."

Alikuwa mkunga wa zahanati, na mtindo huo aliuchukua kwa mkunga aliyemtangulia. Mtoto wa kike wa kaka yake, mwalimu wa hesabu, aliuona tangu utotoni bila kuujali. Darasani alifundisha kwamba kumi si amri, kwamba watu wanaweza kufunga mafungu yao kwa mbili, kwa kumi na mbili, hata kwa sitini. Aliandika ubaoni, akafuta, akaenda kunywa chai.

Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimshika mchana wa jua kali. Shangazi akamlaza pale zahanati, akasimamisha juu ya tumbo bomba la mbao la kusikilizia moyo wa mtoto, akaliegemea kwa sikio, mikono yote ikabaki huru. Macho yakaenda kwenye saa ya ukutani. Kidole gumba kikaanza kukimbia, huku mdomo ukiendelea na habari ya jirani aliyeuziwa viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto.

"Na mimi nimsikilize mwanangu," akasema mume, dereva wa gari la mikate. Akainama, akahesabu kwa mdomo. Dakika ilipokwisha, uso ulikuwa umemshuka. "Themanini na mbili tu! Shangazi, mtoto anatutoka!"

"Anatoka aende wapi? Ulimi wako ndio umechoka, baba. Ukisema 'sabini na tisa', mwenzio keshapiga mara tatu." Akarudia mwenyewe. Mkono wa kushoto ukajaa, vidole vitano vya kumi na mbili kila kimoja, ukafunguka, ukajaa tena. "Sitini mbili, kidole kimoja, pingili tatu. Huyo anakimbia kuliko gari lako."

Mwalimu alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Mia moja thelathini na tano. Ile ilikuwa namba kamili, kila tarakimu mahali pake, na haikuwa imepita karibu na kalamu. Miaka yote aliwaambia wanafunzi kwamba sitini za dakika ni mapatano ya watu wa kale, basi. Sasa sitini ilikuwa na ngozi, na kucha zilizokatwa fupi. Ikamjia kwamba mahali fulani, kabla ya chaki na ubao, huenda mtu aliutazama mkono wake mwenyewe, akaona kuna nafasi zaidi ya ile aliyoidhania.

Jua lilipoanza kulegea, kidole gumba kikapunguza mwendo. Hakuna aliyemwambia mwalimu, aliona mwenyewe. Kilikuwa kikikanyaga pingili mojamoja, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua. Mkono wa kushoto ukajaa mara moja, na dakika ikaisha ukiwa umeongeza kidole kimoja tu.

Shangazi akasubiri kidogo, akahesabu tena. Vilevile.

"Baba, shusha mikate," akasema, kwa sauti ileile ya habari za viatu. "Tunakwenda hospitali."

Njiani, kati ya kreti tupu, sikio la Shangazi halikutoka tumboni, wala macho kwenye saa ya mkononi. Na aliongea. Alimsema dereva kwa kila shimo, akamsema jirani, akamsema aliyemuuzia viatu. Mwalimu hakushika neno hata moja. Alitazama kidole gumba. Kila kilipogusa pingili, mtoto alikuwa bado yupo. Kilipoinuka, hakuna aliyejua. Kikagusa tena.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji Shangazi akamwambia daktari, "Sabini na mbili, na zinashuka," na mlango ukafungwa.

Mtoto alitoka, wa kike, akilia kwa hasira.

Mwaka binti alipoanza shule, Shangazi alikuwa amelala kitandani hainuki. Mwalimu akaenda kumwona, akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kumuuliza.

"Shangazi, siku ile hukuogopa hata kidogo?"

Shangazi akageuza kichwa kwenye mto.

"Niliogopa mpaka nikasahau jina langu. Kwani soga zote zile ulidhani zilikuwa za nini, mwanangu?"