Suruali ya Kipupwe

Mwaka aliofariki mama, baba akiwa ameshatangulia, tulibaki watoto watatu kwenye nyumba yetu ya Makanyagio, mjini Mpanda. Mimi ndiye mkubwa. Aliyenifuata alikuwa msichana, yuko darasa la nne. Wa mwisho alikuwa mvulana ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Mimi shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, baba alipoanza kuugua, na hakuna aliyeniuliza tena habari zake.

Matanga ya mama yalipoanuliwa, baba mdogo aliyekuja kutoka Sibwesa na shangazi aliyekuja kutoka Usevya walikaa mkekani wakatugawa. Shangazi amchukue msichana. Baba mdogo amchukue mvulana. Mimi ni mwanaume, nijitafutie.

Nikasema hapana, tutabaki pamoja, mimi nitawalisha.

"Utawalisha nini?" baba mdogo akauliza. "Hewa?"

"Nitafanya kazi ya baba."

Baba alikuwa mfuata nyayo. Kulikuwa na mzee mmoja mjini mwenye bunduki na leseni, na kwa miaka mingi hakutoka kwenda porini bila baba kumtangulia. Wawindaji wale walikuwa na utaratibu wao wa kugawana, na mtaa mzima uliujua. Mapaja ya mnyama yalikuwa ya mwenye bunduki. Mkono wa mbele ulikuwa wa mfuata nyayo. Wabebaji walipata mbavu, na aliyebaki kambini kulinda moto alipewa utumbo. Kwa hiyo mtu akirudi kutoka porini hakuhitaji kueleza alichofanya huko. Majirani waliangalia kilichokuwa begani kwake, wakajua. Miaka yote nilimwona baba akiingia uani na mkono wa mnyama, naye mama akitoka kumpokea bila kuuliza swali.

Baba mdogo alifikiri, kisha akasema mbele ya shangazi, "Mzee anatoka mara ya mwisho kabla baridi haijaisha. Nenda naye. Ukirudi na mkono, watoto hawaondoki hapa. Ukirudi na kitu kingine, tusilaumiane."

Niliona amesema haki. Hata leo naona hivyo, na hilo ndilo linaloniumiza.

Yule mzee alinikubali kwa sababu ya baba. Alinitazama kuanzia kichwani, macho yake yakakomea kwenye magoti yangu yaliyokuwa nje ya kaptula. "Na hiyo ndiyo utakuja nayo?" akaniambia. "Kijana, mbugani alfajiri siyo hapa sokoni. Tafuta suruali."

Watu wa nyanda za juu hucheka wakisikia Mpanda kuna baridi. Wangelala siku moja kando ya mbuga mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya majani, maji ya mto yakiwa kama yametolewa kisimani usiku huohuo. Baba alikuwa na suruali ya sufu nzito, ya zamani, rangi ya udongo. Alikuwa akisema baridi ya mbuga haiingilii kifuani, inaingilia magotini, na goti likishashikwa mtu hafuati nyayo tena, anafuata moto. Lakini suruali ile iligawiwa alipofariki, pamoja na nguo zake nyingine, ikaenda kwa baba mdogo. Nguo ya matanga hairudishwi. Aliyepewa ndiye mwenyewe. Sikuthubutu hata kuitaja, ingawa siku ile ya kikao alikuwa ameivaa.

Basi nikaenda kwenye mitumba, nimekumbatia jogoo wetu, kwa sababu sikuwa na kingine. Mdogo wangu wa kike akanifuata. Muuza mitumba alikuwa amevaa kanzu na kofia, mtani mkubwa, amemwaga suruali zake juu ya turubai kama mahindi ya kuanika.

"Karibuni. Huyo jogoo mnamtafutia suruali?"

"Ni ya kwangu," nikasema. "Ya kwendea porini. Ya baridi."

"Porini! Basi chukua hii." Akanirushia suruali ya mabaka ya kijeshi, mpya kabisa. "Ukivaa hii hata simba anakupigia saluti."

"Na askari wakinikuta nayo?"

"Hao hawapigi saluti," akakubali, akairudisha.

Nilichagua kama mtu anayechagua mchumba. Nilipata jinzi nzito, nzuri, inanitosha kiunoni, lakini ilikuwa bluu, na mbung'o wanapenda bluu na nyeusi kuliko ng'ombe. Jua likishatoka wangenila nikiwa hai. Nikaiacha. Nikapata moja ya michezo, ya nailoni, ina kitambaa laini ndani. Mdogo wangu akaikunjakunja, ikalia kama mfuko wa plastiki.

"Kaka, hii itamwamsha mnyama."

"Msikilize dada yako," muuzaji akasema. "Huyu ndiye aende kuwinda, wewe ubaki upike."

Nikacheka, na mdogo wangu akacheka. Nadhani ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka ndani ya mwaka ule.

Chini kabisa ya lundo ndipo nilipoipata. Kodrai ya kahawia, kile kitambaa chenye mistari ya manyoya. Nilipoingiza mkono ndani ya mguu wake nilihisi joto kabla sijaivaa. Rangi yake ni ya majani makavu. Magoti mazima. Ilikuwa pana kidogo, nikafikiri kamba itasaidia. Niliivaa palepale juu ya kaptula, nikatembea hatua kadhaa kati ya watu, redio ya jirani ikilia, wapiga debe wakiita, cherehani zikikimbia. Mdogo wangu akazunguka nyuma, akanivuta pindo. "Inakaa kama ya baba," akasema. Nikamkabidhi muuzaji jogoo.

Tulitoka watu watano: mzee mwenye bunduki, wabebaji wawili, mpishi na mimi. Usiku wa kwanza kambini wenzangu walitetemeka, mimi nilikuwa nimejikunja ndani ya kodrai yangu, magoti yamepata moto, nikiwa na furaha ambayo sikuistahili. Alfajiri tukaingia mbugani. Nyayo za kongoni nilizipata mapema, mbichi, umande ukiwa umekanyagwa. Mzee akanigusa bega, yaani endelea.

Kulikuwa kimya. Hakuna redio, hakuna cherehani. Nikaenda mbele, na nikasikia, fyu, fyu, fyu. Nikasimama, ikanyamaza. Nikaenda, ikaanza tena. Yalikuwa mapaja yangu. Mistari ile ya manyoya ilikuwa inasuguana kila nilipopiga hatua.

"Nani anapepeta mchele?" mzee akanong'ona nyuma yangu. Wabebaji wakaziba midomo.

Nilijaribu kutembea nimetanua miguu. Ikawa mbaya zaidi, nikawa kama mtu mwenye busha, na sauti ikabaki palepale. Suruali ya baba ilikuwa bubu. Mimi nilikumbuka joto lake na rangi yake na maneno yote ya baba kuhusu magoti, lakini ukimya hakuwahi kuutaja, labda kwa sababu hakujua kama kuna suruali inayoongea.

"Mzee, naivua," nikasema.

Akanitazama. "Baridi hii?"

"Naivua."

Niliivua nikaifunga kiunoni, nikabaki na kaptula. Majani ya mbuga yalikuwa yamebeba maji, yakanipiga kuanzia vifundo hadi mapajani. Nilijitahidi. Kwa muda nilikwenda vizuri, nyayo zikazidi kuwa mbichi, hadi nikawaona. Kongoni, kama kumi, mvuke ukitoka puani mwao. Mzee akapiga goti taratibu.

Wakati huo mwili wangu ulikuwa umeshaacha kuwa wangu. Meno yaligongana, nikayabana kwa mkono. Kikohozi kikaja kutoka chini kabisa. Nilikizuia mpaka macho yakatoka machozi, kisha kikatoka chenyewe. Vichwa vikainuka vyote kwa pamoja. Halafu pakabaki mbuga tupu.

Mzee hakufoka. Afadhali angefoka. Alisimama akapangusa goti lake, akasema kwa upole, "Rudi kambini, mwanangu. Ukaote moto na mpishi. Mmoja wa hawa atatangulia."

Mchana tulisikia mlio mmoja wa bunduki. Walirudi na kongoni dume. Mzee akagawa kama desturi ilivyotaka. Aliponifikia alisita, kisu mkononi, na mimi nikajua anafikiria kunipa mkono kwa ajili ya baba. Aliyetangulia badala yangu alikuwa amesimama hapohapo, naye ana watoto. Mzee akainama akanikatia utumbo, mwingi, na moyo juu yake.

Baba mdogo na shangazi walikuwa wananingoja uani. Mdogo wangu wa kike alikimbia kunipokea kama mama alivyokuwa akimpokea baba, akaona nilichobeba ndani ya majani, akapunguza mwendo. Akakipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza.

"Umelinda moto," baba mdogo akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo, baba."

"Basi tule."

Shangazi aliupika vizuri ule utumbo, kwa ndimu na pilipili. Tulikula sinia moja, wote, na yule mdogo wa mwisho alishiba akalala mkono ukiwa ndani ya sinia. Kesho yake asubuhi walifungiwa nguo zao katika mafurushi mawili. Niliwasindikiza hadi stendi, lori la kwenda Usevya likiwa upande huu na la Sibwesa upande ule. Mdogo wangu wa kike alipanda juu ya magunia, akanyoosha shingo kumtafuta mdogo wetu kwenye lori la pili, hakumwona.

"Nitakufuata kabla ya masika," nikamwambia. "Nitawachukua wote wawili."

Yeye alikuwa hajawahi kunibishia. Alitazama lile lori lililojaa tope kavu la masika yaliyopita, akaitikia kwa kichwa kama anayeamini, kwa ajili yangu.