Mke Wangu na Wimbo wa Marehemu

Niliyoyaona kwa macho yangu ni machache, nami nitayataja kwanza. Nililiona jeneza. Nilimwona mke wangu akiinama juu yake. Kabla ya hapo nilimwona akishona gauni jeusi siku mbili mfululizo, kwa ajili ya mazishi ya mtu ambaye hakuwa ndugu yake wala wangu. Mengine yote, yaani kwamba mwanamuziki huyo aliwahi kumpenda, na kwamba wimbo uliompa umaarufu nchi nzima ulimhusu mke wangu, hayo kwa miaka mingi niliyasikia tu. Nilikuwa karani wa mahakama hapa Nakuru hadi nilipostaafu, na naujua uzito wa tofauti hiyo. Nimewaona mahakimu wakimkatiza shahidi katikati ya sentensi: sema ulichokiona, si ulichoambiwa.

Wimbo wenyewe una maneno machache. Unamsifu msichana wa Rongai aketiye nyuma ya cherehani, akataye uzi kwa meno, asiyeinua macho anaposalimiwa. Baada ya hapo gitaa linachukua nafasi ya maneno, na watu husema hapo ndipo penye utamu. Ulianza kuchezwa redioni mwaka tuliooana. Mke wangu ametoka Rongai. Alikuwa fundi wa nguo karibu na soko la mjini, na ndiye aliyeishonea bendi ya mwanamuziki yule mashati yake ya kwanza, ya rangi moja, yenye kola pana. Hadi leo anakata uzi kwa meno ilhali mkasi uko mezani. Huo si ushahidi wa kutosha. Mafundi waliotoka Rongai walikuwa wengi, na wote walikuwa na meno.

Kwa zaidi ya miaka arobaini sikumuuliza. Nilijiambia kwamba mtu mwenye akili hasumbuliwi na uvumi. Ukweli ni kwamba redio ilipoucheza wimbo ule nilikuwa nikitoka nje kwenda kuangalia tangi la maji, lijae lisijae. Naye alikuwa akinyamaza mpaka uishe. Mtangazaji aliporudi hewani, mke wangu aliendelea na mazungumzo pale pale alipoyaachia, na mimi nilirudi ndani kama mtu aliyefukuzwa kwake kwa dakika nne.

Mwanamuziki yule alipofariki, mji mzima ulijitwika msiba. Alikuwa mtoto wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yake alikuja kutoka magharibi kufanya kazi kwenye karakana ya treni, kwa hiyo kila mzee wa landi alikuwa na kisa chake. Maduka yalipiga nyimbo zake tangu asubuhi. Waendesha bodaboda walifunga matawi mabichi kwenye pikipiki zao. Nilimwona mwuza mboga akilia huku akihesabu nyanya. Mimi nimeishi katika mji huu muda mrefu kuliko yeye, nimeandika kwa mkono wangu maelfu ya kurasa za mashauri ya watu wake, na najua kwamba siku yangu ikifika hakuna pikipiki itakayofungwa hata jani.

Wiki hiyo nilikwenda mtaa wa Rhonda kwa kinyozi wangu wa siku zote. Vijana watatu walikuwa kwenye benchi wakisubiri zamu.

"Mzee," mmoja akaniambia, "unajua ule wimbo wa Rongai ni wa nani?"

"Sijui. Na wewe hujui."

"Najua, bana! Ni wa bibi ya mtu. Huyo dem aliwacha staa akaolewa na karani wa serikali. Fikiria! Karani!"

"Jamaa ako na gitaa, mwingine ako na stempu," mwenzake akaongeza, na benchi lote likacheka.

"Ulimwona huyo karani?" nikauliza.

"Zii. Buda yangu ndiye aliniambia."

"Na baba yako alimwona?"

"Ai, mzee, kwani hii ni korti?"

Kinyozi, anayeijua vyema kazi niliyoifanya, aliusimamisha wembe shingoni mwangu. "Mzee, tulia," akasema polepole, "nisikukate." Nililipa nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia kinyozi akiwanong'oneza, kisha kimya.

Mwili ulipowekwa uwanjani watu wauage, nilimuuliza mke wangu anakwenda kumwona nani.

"Mteja wangu," akajibu, akifunga kitambaa kichwani.

Nilifuatana naye. Sikwenda kwa huzuni, nilikwenda kumchunga. Foleni ilizunguka uwanja mzima, na jua lilikuwa kali. Nilipokaribia niliona jinsi watu walivyopita: hatua mbili za taratibu, kuinamisha kichwa, basi. Mke wangu alisimama. Kola ya shati la marehemu ilikuwa imejikunja upande mmoja. Alitia mkono ndani ya jeneza, akaikunjua, akailaza kwa kidole gumba kutoka shingoni hadi kwenye ncha. Hivyo ndivyo anavyoilaza kola yangu kila Jumapili kabla ya kanisa. Nilikuwa nikidhani hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kutendewa hivyo.

"Mathe, songa," mlinzi akamwambia. "Watu ni wengi."

Alisonga. Mimi nikautazama uso wa yule mtu. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka kwenye mabango, na mashavu yalikuwa yamebonyea. Hakuwa na uwezo wa kuninyang'anya chochote. Hata hivyo nilimwonea wivu pale alipolala, na kama niliwalisha mashahidi kiapo cha kusema kweli, lazima nami nijilishe.

Siku iliyofuata alizikwa kwenye shamba lake huko Bahati. Tuliketi chini ya hema, safu ya nne. Mbele yetu bibi mmoja aliyevaa kofia ya sufu alikuwa akiwaeleza vijana wenye simu, "Mimi ndiye yule wa wimbo. Aliniona kwa cherehani ya mama yangu."

"Nani? Wewe?" bibi aliyekaa kando yake akadakia. "Wewe ni wa Njoro! Na cherehani ulijulia wapi, hata kifungo huwezi kushona!"

"Nyamaza, wewe. Wivu tu."

"Wivu wa nini? Kama aliimba juu yako, basi alikuwa kipofu!"

Hema lilicheka. Mke wangu alicheka mpaka mabega yakatikisika, na kicheko hicho ndicho kilichonishinda. Alicheka kama mtu anayejua.

"Mama," nikamwambia, "wimbo ule ni wako?"

Aligeuka akanitazama. "Miaka yote hii, ndio unauliza leo? Akiwa ndani ya sanduku?"

"Nauliza sasa."

"Ni wangu. Alikuja kupimwa shati, akaniambia amenitungia wimbo. Akaniomba tuoane. Nikamwambia nimeshamkubali mtu mwingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, mzee. Na ungefanya nini? Ungenipandisha kizimbani?"

"Na sasa umemvalia gauni jeusi."

Alinyoosha gauni lake magotini kabla ya kujibu. "Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kukaa akaniangalia nikifanya kazi, akaona kuna kitu cha kusifu. Hakuwa wewe. Sikulaumu. Umenijengea nyumba, umesomesha watoto. Lakini hakuwa wewe."

Huo haukuwa uvumi tena. Ulikuwa ushahidi wa mtu aliyekuwapo, uliotolewa bila kusitasita, na ulikuwa mzito kuliko yote yaliyosemwa kwenye benchi la kinyozi. Nilitafuta la kusema kuhusu mikono yake. Ndiye aliyeshona sare za shule za watoto wetu wote, na shati nililovaa saa ile. Nilichokumbuka ni kwamba kila mara nilikuwa nimemuuliza swali moja tu: itakuwa tayari lini?

Baada ya kaburi kufukiwa, waliobaki wa bendi ile, wote wenye mvi, walichukua magitaa yao. Waliuanza wimbo bila kuutangaza. Yule bibi wa Njoro alikuwa wa kwanza kusimama, na mwenzake aliyemtukana akamfuata. Mke wangu akasimama pia, akaniwekea mkoba wake mapajani.

"Nishikie," akasema, akaenda.

Alichokuwa akikiwaza siwezi kukisema, na atakayewaambia kwamba anakijua, msimwamini. Mtu wa nyuma yangu alinigusa bega. "Mzee, si nawe ucheze?" Nilisimama ili nimwone mke wangu vizuri zaidi juu ya vichwa vya watu. Alikuwa akicheza polepole, peke yake, karibu na wale wapiga magitaa, na pale maneno yanapokwisha hakupumzika kama wengine. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko wa redioni. Niliushika mkoba wake kwa mikono miwili, nimesimama, mpaka wimbo ulipokwisha.