Mjomba Aliposhuka Njiapanda ya Rujewa

Mjomba wangu alitoka gerezani Mbeya kwa msamaha wa Rais, Sikukuu ya Uhuru. Nilimpokea getini na suruali yake ya zamani. Ilimpwaya, akaishikilia kwa mkono mpaka nyumbani kwangu, mtaa wa Soweto hapohapo Mbeya. Alikaa nasi wiki chache. Kila alipotaka kutoka nje, alisimama mbele ya mlango akasubiri.

"Mjomba, uko wazi."

"Najua. Miguu ndiyo haijasikia tangazo."

Kosa lake lilikuwa la Rujewa, alikolima mpunga. Siku ya zamu ya jirani yake kumwagilia, aliyageuza maji ya mfereji yaingie kwenye jaruba lake mwenyewe. Jirani alipokuja kuziba, wakashikana, na mjomba akampiga kwa mpini wa jembe. Mkono ukavunjika. Mahakamani hakukana.

Bibi, mama yake, alipiga simu kutoka Kihesa, Iringa. "Mlete kwangu. Rujewa asikanyage. Rais kamsamehe, yule bwana hajamsamehe."

Basi tukapanda gari la Iringa. Tulipofika njiapanda ya Rujewa, mjomba akainuka.

"Nashuka."

"Bibi anatungoja."

"Mama ataniona tu. Nikipapita hapa leo, nitakuwa napapita maisha yangu yote."

Nikashuka naye.

Tulimkuta jirani amesimama kwenye tuta la shamba lake, mkono wa kulia umepinda kiwikoni. Mkewe alikuwa majini peke yake, akipandikiza miche. Alituona, akanyooka, hakutukaribisha. Mjomba alivua viatu.

"Shikamoo, kaka."

Jirani aliuinua mkono wake. "Rais kakupa msamaha. Mimi kanipa mkono?"

"Hapana."

"Huu haunyooki. Kila msimu mama watoto anainama mwenyewe."

"Nilikosa, kaka. Nimekuja kusema hivyo. Mkisema niondoke, naondoka."

Aliyejibu ni mke, kutoka kwenye tope.

"Uondoke uende wapi na mikono mizima? Shika miche hiyo."

Mjomba akakunja suruali akaingia majini. Jirani alibaki juu ya tuta akisimamia, na kwa kweli alisimamia.

"Mstari huo! Jela wamekufundisha kupanda kama mlevi?"

"Jela tulilima mahindi, kaka."

Jirani akacheka, kisha akageuza uso, kana kwamba kicheko kimemtoroka bila ruhusa. Mkewe hakucheka, ila alimsogezea mjomba fungu jingine la miche.

Nimewasikia watu wengi wakilalamika kwamba misamaha hii ni kuwafungulia wahalifu milango. Hofu yao naielewa. Mkono wa yule bwana niliuona kwa macho yangu. Lakini kama mjomba angemaliza kifungo chake chote ndani, mama yule angeendelea kuinama peke yake misimu yote hiyo, wala mkono usingenyooka.

Jua lilipoanza kuinama nilimpigia bibi, nikamweleza tulipo. Alinifokea kwanza, mimi na mjomba kwa pamoja. Halafu akauliza, "Sasa hivi anafanya nini?"

"Anapanda mpunga."

"Wa nani?"

"Wa yule bwana."

"Na yeye yuko wapi?"

"Juu ya tuta. Anamkosoa mistari."



"Basi mwache," bibi alisema. "Alale hukohuko, kesho amalize."