Globu ya Vifaranga Nilitoa Mimi, Lawama Kabeba Jirani

Nimekosa, jamani, na kosa lenyewe ni la taa. Msicheke kwanza.

Sisi tupo huku Rondo, wakulima wa korosho. Mke wangu, nimwite Mama Salma, anafuga kuku. Kipupwe kile alikuwa na vifaranga wadogo ndani ya boksi, chini ya globu ya zamani, ile ya waya ndani, ukiigusa inakuunguza. Joto lao lilikuwa hilo tu. Mdogo wake akajifungua huko Rasbura, ikabidi ashuke akamwangalie. Akaniambia, "Baba Salma, taa ya vifaranga usiizime, nakuomba."

Sikuizima. Niliitoa.

Watu wa umeme walikuja kijijini na gari la matangazo. Leta globu yako kuukuu, upewe taa mpya inayobana matumizi, bure. Nyumba isiyobakiza globu hata moja inabandikwa stika mlangoni, ndiyo nyumba ya mfano. Nikatoa ya sebuleni, ya chumbani, ya barazani. Yule bwana wa umeme akaniuliza, "Mzee, umemaliza zote?" Nikaitazama stika. Ilikuwa ya kijani, nzuri kwa kweli. Nikaenda bandani.

Globu ikatupwa kwenye pipa, ikapasuka. Nikapigwa picha nimesimama mlangoni na stika yangu.

Ile taa mpya ilimulika banda vizuri mno, nikamwona kila kifaranga alivyo. Hilo sikatai. Ila joto haina. Asubuhi nikawakuta wamerundikana kwenye kona ya boksi, wamelaliana, wamekufa wote.

Yarabi! Badala ya kumpigia mke wangu simu, nikaenda dukani, nikapata globu ya zamani, nikaipachika palepale. Aliporudi aliikuta inawaka kama alivyoiacha. Akalia sana. Halafu akauliza, "Nani aliingia humu?"

Nikamwambia Mama Hija alikuja kuwaangalia, akawasifia. Mama Hija ni jirani yetu, shoga wa mke wangu tangu wote wawili wakiwa maharusi. Na kweli alikuja.

"Alisema mashallah?"

"Sikumsikia."

Wallahi nilimsikia! Alisema mara mbili.

Basi ni hayo tu. Sikutamka kwamba mwanamke wa watu ana kijicho. Nilimwacha mke wangu afike huko mwenyewe, mimi nikaenda kuoga.

Akaleta vifaranga wengine, na Mama Hija akakatazwa kukanyaga kwetu. Hawa wakakua wote, maana globu ilikuwepo. "Unaona?" mke wangu akaniambia. "Tangu asije, hajafa hata mmoja." Nikasema naona.

Idi ilipofika Mama Hija alituletea sahani ya pilau, kaifunika vizuri na kawa. Mke wangu akairudisha vilevile, hakufunua. Mama Hija akanigeukia mimi. "Shemeji, nimewakosea nini?" Nikamjibu mambo ya wanawake siyajui. Mtu mzima na ndevu zangu!

Nilidhani yataishia hapo. Juzi nipo dukani, akapita Mama Hija, na mama mmoja akamfunika mwanawe kanga haraka haraka, gubigubi. Mama Hija aliona. Aliacha hata alichokuja kununua, akarudi kwake ameinama. Neno lile limetoka nyumbani kwangu, na sasa linatembea kijiji kizima bila mimi. Nimeona aibu, jamani, mpaka msikitini naogopa kusimama safu moja na mumewe.

Wanaume wenzangu, taa zile sizisemi vibaya. Zinabana kweli, uniti siku hizi zinakaa. Lakini kabla hujachomoa globu, uliza ilikuwa na kazi gani pale. Na ukishaharibu, sema siku ileile, wakati waliokufa bado ni vifaranga tu. Mimi nilingoja, na sasa kuna mwanamke anaogopa kwenda dukani. Msifanye kama mimi, nawasihi.

Majina nimebadilisha, lakini mke wangu atajijua, maana akishika simu huanzia ukurasa huu, na huwa anawatukana sana wanaume wa humu. Mama Salma, ni mimi. Usianze na mimi. Mimi nipo tu, sina pa kukimbilia. Jifunge kanga uende kwanza kwa Mama Hija, na upite njia ya dukani, watu wakuone unaingia kwake.